Saa Iliyomsifu Baba

Kwetu ni watu wa mikate. Tanuri liko uani, meza ya kukandia iko chini ya paa la bati, na unga uko kila mahali: kwenye nyusi, juu ya redio, ndani ya viatu. Mgeni akiingia na suruali nyeusi, anatoka na suruali ya kijivu.

Kazi tumegawana. Baba anakanda unga. Hataki kusikia habari za mashine.

"Mashine inaupiga unga," husema. "Mimi naubembeleza."

Lakini ukimwona anavyoutwanga kwa ngumi, utauonea huruma.

Mimi nachoma. Nasimama mbele ya tanuri nikiingiza treya na kutoa treya. Shangazi anasema huo moto umeniingia mdomoni, ndiyo maana nyumbani wananiita Pilipili.

Mama anauza. Anapanga mikate kwenye toroli, anaifunika kwa kitambaa safi, kisha anaisukuma mtaa mzima, duka hadi duka, kilima kwa mteremko. Akirudi, toroli ni tupu na blauzi imelowa jasho mgongoni.

Kaka yangu ndiye kifungua mimba. Yeye hakandi wala hachomi. Anafanya kazi ofisini, anavaa mashati ya mikono mirefu, na akisema neno nyumba nzima hujibu "ndiyo". Tulishazoea hivyo. Mimi mwenyewe nilishazoea.

Siku moja Baba aliungua mkono kwa treya. Akaenda kliniki kufungwa kidonda. Walipokuwa wanamhudumia wakampima na presha. Ilikuwa juu. Wakampima tena siku nyingine, bado iko juu.

"Lakini siumwi popote!" Baba alibisha.

"Presha haipigi hodi, mzee," wakamwambia. "Wengi hawaumwi kitu mpaka siku inapowaangusha."

Akapewa vidonge vya kumeza kila siku. Akaambiwa apunguze chumvi, atembee kwa kasi kila jioni, na arudi kupimwa. Akanung'unika, lakini alitii. Jioni ikifika, yeye na Mama walizunguka mtaa, yeye mbele akilalamika, Mama nyuma akimwambia aongeze mwendo.

Kisha akaja Kaka na saa yake.

Ilikuwa saa nyembamba, nyeusi, imekumbatia kifundo cha mkono wake. Aliigusa, ikawaka.

"Hii ni saa ya mazoezi," akasema. "Inahesabu hatua. Inasoma moyo. Inajua umelalaje. Ukikaa sana inatetemeka, inakuambia inuka."

"Hayo yote mama yenu ananifanyia," Baba akasema, "na wala hahitaji chaji."

Tulicheka. Kaka hakucheka.

"Baba, hili si jambo la mzaha. Ofisini kwetu kila mtu anayo. Nimeamua tukununulie moja. Tutachanga, kila mtu atoe fungu lake."

Mama akatikisa kichwa kukubali. Baba akanyamaza, maana yake amekubali. Macho yakanigeukia.

"Mimi sichangi," nikasema.

Kaka akanigeukia mwili mzima.

"Unasemaje?" Kaka akauliza.

"Nasema sichangi, mpaka nijue itamsaidiaje Baba. Hata gunia la unga hatulinunui bila kulifungua na kunusa. Mwazime hiyo yako kwanza. Aivae kazini tuone."

"Pilipili, wewe umesomea nini kuhusu saa hizi?"

"Sijasomea kitu. Ndiyo maana nauliza."

"Huyu mtoto ni bahili," Kaka akamwambia Mama. "Afya ya baba yake anaifanyia ubahili."

Neno lile lilinichoma kuliko treya. Lakini sikurudi nyuma. Mwishowe Kaka akaifungua saa kwa hasira, akamvisha Baba.

Asubuhi yake Baba alianza kukanda kama kawaida. Mikono inakwenda mbele, inarudi nyuma. Donge linageuzwa, linapigwa, linavutwa. Hata chai ilikuwa haijachemka pale saa ilipotetemeka na kuonyesha picha ya fataki.

"Nimefika lengo!" Baba akapiga kelele. "Mama watoto, njoo uone! Saa inanipongeza!"

Mimi nilikuwa hatua chache kutoka alipo. Nilimwangalia miguu. Ilikuwa palepale, imezikwa ndani ya vumbi la unga.

"Baba, wewe si umesimama tu?"

"Usibishane na mtambo, mwanangu."

Siku iliyofuata akamvisha Mama, kwa utani tu, aone nani zaidi. Mama akasukuma toroli njia nzima. Alirudi anahema. Baba akaisoma saa, akapasuka kwa kicheko.

"Kumbe huwa unakwenda kukaa kwenye maduka ya watu! Hizi ndizo hatua zako? Mtu akienda chooni na kurudi anakuzidi!"

"Nyamaza, mzee," Mama akasema. "Hiyo saa na isukume toroli kilimani ndipo ije inihesabie."

Alijibu kwa ukali, lakini niliona ameumia. Mwanamke anatembea mchana kutwa, kisha kitu cha plastiki kinamwita mvivu.

Kuanzia hapo Baba alivimba kichwa. Kila mteja alionyeshwa mkono. Jioni Mama alipovaa viatu vya kutembelea, Baba aliendelea kukaa.

"Nimeshafika lengo tangu asubuhi," alisema. "Nenda wewe, mvivu wa watu."

Kaka alifurahi sana. Jumapili akaja na mkewe, ambaye ni wifi yangu, na akamwalika Shangazi. Alitaka tuchange mbele ya mashahidi. Tuliketi uani kwenye mabenchi, chai mkononi. Kaka akasimama.

"Mmejionea wenyewe," akaanza. "Baba amebadilika. Anafikia lengo kila siku. Kuna mtu mmoja alitaka kutuzuia, simtaji."

"Mtaje tu," nikasema.

"Wewe, acha kaka yako aseme," Shangazi akanikemea.

Baba akainua mkono kama mwanafunzi anayejua jibu.

"Na niongeze hapo. Hata presha sina tena. Iko hapa, tazameni. Namba ndogo, nzuri. Vile vidonge nimeshaviacha."

Kikombe cha Mama kikagonga sahani.

"Umeviacha lini?"

"Tangu saa ilipoanza kunisifu. Vya nini tena? Vinanikausha mdomo bure."

Nilimtazama Kaka. Nilisubiri aseme, "Hapana, Baba, usifanye hivyo." Yeye ndiye mkubwa. Yeye ndiye anayesikilizwa. Kaka akakuna kidevu.

"Kama saa inaonyesha vizuri," akasema polepole, "basi pengine ni kweli..."

Sikungoja amalize. Nilimwendea Baba, nikaifungua saa, nikajivalisha. Nikavuta kigoda, nikakaa katikati ya ua, watu wote wananiona. Nikachukua chekeche na bakuli la unga. Nikaanza kuchekecha.

"Unafanya nini?" Kaka akauliza.

"Natembea."

"Unatembea wapi na umekaa?"

"Muulize mtaalamu wako. Wifi, hebu soma hiyo namba."

Wifi akainama kwenye mkono wangu. Namba ilikuwa inapanda. Kila nikitikisa chekeche, inapanda. Sijainua hata kidole cha mguu.

"Mama wee," Wifi akasema. "Huyu sasa ameshavuka barabara."

Shangazi akaziba mdomo asicheke. Mama hakucheka. Alisimama, akajifunga kitambaa kiunoni.

"Lete hapa hiyo saa."

Akaivaa. Akashika toroli, akalijaza treya, akalisukuma kutoka tanuri hadi getini, akarudi, akaenda tena. Wifi alitembea sambamba naye akihesabu kwa sauti. Walipomaliza wakalinganisha. Hesabu ya mdomo na hesabu ya saa hazikukaribiana kabisa. Saa ilikuwa imeziacha hatua nyingi za Mama njiani.

"Inasikia mkono," nikasema. "Haioni mguu. Mkono wa Baba unacheza, anasifiwa. Mkono wa Mama umeshika toroli na kutulia, anatukanwa. Na kwa namba za kitu hiki Baba ameacha dawa, nawe Kaka unakuna kidevu!"

Uso wa Kaka ulibadilika rangi.

"Umenidhalilisha," akasema. "Mbele ya mke wangu na mbele ya Shangazi. Utaniomba radhi, sasa hivi."

"Kwanza Baba apimwe."

Nikatoka. Nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa Muuguzi wa kliniki, mteja wetu wa mikate. Nilimkuta anaanika nguo. Nilipomweleza kwamba Baba ameacha vidonge, aliidondosha nguo kwenye beseni, akachukua mfuko wake.

Baba alipomwona akaanza kujitetea.

"Daktari wetu, karibu. Mimi mzima kabisa. Huyu binti anapenda makubwa."

"Nimekuja kunywa chai, mzee. Lakini kwanza tulia hapo. Egemea kiti. Miguu chini, usiikunje. Mkono juu ya meza. Sasa tunakaa kimya kidogo."

"Kimya kwa nini?"

"Kwa sababu ukiongea namba inapanda."

"Basi huyo Pilipili angepasua mashine," Baba akasema.

"Kimya, mzee."

Tukasubiri. Muuguzi akamfunga mkanda kwenye mkono, juu ya kiwiko. Mkanda ukajaa hewa, ukashuka. Akasoma. Akangoja kidogo, akapima tena. Hakupiga kelele. Alimuuliza Baba kama kifua kinambana, kama anaona vizuri, kama mkono au mguu umekufa ganzi, kama kichwa kinauma sana. Baba akajibu hapana kwa kila swali, kila mara kwa sauti ndogo zaidi.

"Ungeniambia moja ya hayo, tungeondoka sasa hivi kwenda hospitali," Muuguzi akasema. "Presha yako imepanda, mzee. Imepita hata siku ile tulipoikuta mara ya kwanza."

"Lakini saa imesema..."

"Saa imesema nini? Nionyeshe hiyo namba."

Baba akavaa saa, akamwonyesha. Muuguzi akatikisa kichwa.

"Hii si presha. Haya ni mapigo ya moyo. Mmewahi kuona pampu ya maji ya mkono? Hii namba inakuambia pampu imepigwa mara ngapi kwa dakika. Haikuambii maji yanausukuma mpira unaoyapitisha kwa nguvu gani. Presha ndiyo hiyo nguvu. Unaweza kupiga pampu polepole, na mpira ukawa umebanwa mpaka unataka kupasuka. Mishipa yako ndiyo mpira."

Baba akaitazama mikono yake.

"Lakini zipo saa zinazopima presha," Kaka akasema. "Nimeziona zinatangazwa."

"Zipo zinazosema hivyo. Nyingine zinakisia tu. Hata zilizo bora zinatakiwa kulinganishwa mara kwa mara na mkanda kama huu wangu. Mtu asianze dawa, asiache dawa, wala asibadilishe dawa kwa namba ya saa. Hilo ni la kliniki."

"Na zile siku nilizorudi kupimwa kliniki, kabla ya saa, presha ikawa imeshuka kidogo?" Baba akauliza. "Si nilikuwa nimepona?"

"Ilikuwa imeshushwa na vidonge, na matembezi yako na mama. Umeondoa vidonge, umeondoa na matembezi. Ulitaka ikae chini inashikiliwa na nani?"

Baba akaivua saa, akaiweka mezani.

"Leo meza kidonge chako kimoja tu, kile cha leo," Muuguzi akaendelea. "Usimeze vingi kufidia ulivyoacha. Kama vinakukausha mdomo, mwambie daktari, vipo vya aina nyingine. Kesho asubuhi nikukute kliniki. Na ukianza kuumwa kifua, au mdomo kwenda upande, au mkono kulegea, usingoje asubuhi. Nenda hospitali saa hiyohiyo."

Mama alikuwa ameshaleta vidonge na maji. Baba akameza bila kunung'unika.

Kaka akakaa.

"Kwa hiyo saa hizi ni utapeli?" akauliza.

"Sijasema hivyo," Muuguzi akajibu. "Wifi yake Pilipili, wewe unafanya kazi gani?"

"Niko mapokezi. Nakaa kutwa."

"Saa kama hii ungeitumia?"

"Huwa naiazima kwa mume wangu siku ambazo ofisi yao imefungwa na mimi niko kazini. Ikitetemeka nainuka, nazunguka jengo. Bila hiyo nasahau kabisa."

"Umeona? Kwako ina kazi. Ukitembea mkono wako unacheza, hesabu yake itakaribia kweli. Hata ikikosea kidogo, kinachokusaidia ni kuinuka. Lakini mzee anakanda unga. Mama anasukuma toroli. Kazi zao zinaidanganya saa, nayo inawadanganya wao."

Akanywa chai yake, kisha akatugeukia sote.

"Kabla ya kununua, jiulizeni mnataka kujua nini. Mkitaka kujua presha, hii siyo. Mkitaka kumkumbusha mtu atembee, muulizeni kwanza kama ana mtu wa kumkumbusha. Huyu mzee anaye, amelala naye kitanda kimoja. Halafu angalieni kama inahitaji simu kubwa ambayo hana, na nani ataichaji. Wengi huzivaa kwa furaha mwanzoni, kisha zinaishia kwenye droo. Aliyefanya vizuri ni aliyesema mwazime kwanza."

Kaka akaangalia pembeni.

"Sasa tufanye nini?" Mama akauliza.

"Kupimwa, njooni kliniki. Mkitaka kupima nyumbani, nunueni kipimo cha mkanda wa juu ya kiwiko. Kileteni kwanza tukilinganishe na cha kwetu, niwafundishe kukaa na kukivaa. Na mzee arudi barabarani, kwa miguu yake mwenyewe. Atembee kwa kasi ya kumfanya aweze kuongea lakini asiweze kuimba."

"Kuimba hawezi hata akiwa amekaa," Mama akasema.

Tulichanga siku ileile. Mimi nilikuwa wa kwanza kutoa. Kipimo kilinunuliwa, kikapelekwa kliniki, kikaonekana ni kizima. Kaka aliondoka na saa yake bila kuniaga.

Mambo yakabadilika. Kila asubuhi, kabla ya kugusa unga, Baba anakaa kimya, miguu chini, anapimwa na Mama. Anasema hiyo ndiyo nafasi pekee Mama anayompa ya kupumzika. Kidonge anameza mbele yetu. Chumvi kwenye chakula imepungua, ingawa aligoma kabisa ipunguzwe kwenye mkate bila yeye kuonja kwanza. Alionja, akakubali, na wateja hawakugundua. Jioni anatembea. Siku moja alimwomba Mama amsaidie kusukuma toroli kilimani. Alifika juu amejishika kiuno, akasema, "Mke wangu, nilikukosea." Mama akamwambia, "Sukuma, bado duka la mwisho."

Kliniki ilimpima tena na tena. Presha ikashuka, ikatulia. Daktari akamwambia aendelee hivyohivyo, na vidonge asiviache.

Lakini Kaka hakuja. Jumapili zikapita. Alimpigia Mama simu, alimpigia Baba, mimi alinipita. Mwishowe Shangazi akamleta, akamkalisha benchi la uani, akaniita kutoka kwenye tanuri. Baba na Mama walikuwepo. Wifi alikuwepo, mkononi amevaa saa.

"Haya," Shangazi akasema. "Nyumba haiwezi kukaa hivi. Semezaneni."

Kaka akakohoa.

"Nakubali ulikuwa na haki kuhusu ile saa," akasema. "Na kuhusu dawa, nilikosea. Baba nimeshamwambia. Lakini mimi ni kaka yako mkubwa. Uliniaibisha mbele za watu. Ungenivuta pembeni."

"Si unaona?" Shangazi akanigeukia. "Kaka yako ameshuka. Nawe shuka. Sema samahani, neno moja tu, tule."

Mama alinitazama. Baba alitazama unga kwenye viatu vyake. Najua walichotaka. Walitaka amani, na mimi pia naitaka. Kaka yangu nampenda. Nikammiminia chai, nikampa kwa mikono miwili.

"Kaka, nakuheshimu," nikasema. "Ukija nitakupa kiti, na mkate wa kwanza kutoka tanurini ni wako. Uliponiita bahili nilikusamehe kabla hujaomba. Lakini siku ile Baba alisema ameacha dawa mbele za watu, nawe ukamjibu mbele za watu. Ningekuvuta pembeni, tungebembelezana, na yeye angebaki pale anaamini namba ya saa. Nilisema palepale kwa sababu hatari ilikuwa palepale."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo radhi siombi."

"Hata kwa ajili ya Shangazi?" Shangazi akauliza.

"Hata kwa ajili yako, Shangazi. Ikitokea tena nitafanya vilevile, na sauti nitaipandisha zaidi."

"Pilipili!" Mama akasema.

"Siombi, Mama."

Nikarudi kwenye tanuri, mikate ilikuwa inaiva.